CD Namba Sitini na Moja

Tumwagile alipofungua tranka la baba yake mkubwa Jumatatu ile asubuhi, kitu cha kwanza kukutana nacho kilikuwa mbegu za mchicha.

Mbegu, yaani. Zimefungwa kwenye kipande cha khanga, zimelazwa juu ya daftari kubwa jekundu, utafikiri tranka lenyewe ni ghala la kilimo. Akaziweka pembeni, daftari nalo akalisukuma huko huko, akatoa kasha la kwanza la CD. Tupu. La pili, tupu. La tatu akalitikisa sikioni kwanza, ndiyo akalifungua. Nalo tupu. Makasha mia na kumi na mawili, yamepangwa yakapangika, kila moja na namba yake ya wino mwekundu mgongoni, na ndani hakuna kitu. Zilizobaki ni flopi tu, zile diski za mraba za zamani, zimejikalia kwenye boksi la viatu.

La sitini na moja aliliacha la mwisho makusudi. Alilifungua amefumba macho, na jinsi lilivyokuwa jepesi mkononi alijua hata kabla hajayafumbua.

Akakaa chini sakafuni. Hakulia wala hakuita mtu. Alikaa tu, mdomo wazi, kama mtu aliyeshuka kwenye basi akakumbuka mtoto kamwacha ndani.

Mtu anaweza kuuliza, binti mzima, ana diploma yake ya kompyuta kutoka Morogoro, kasha tupu linamkalishaje kwenye saruji dakika kumi. Basi inabidi ajue kwanza sitini na moja ilikuwa nini.

Baba mkubwa Lupakisyo alikuwa fundi wa mitandao ya kompyuta tangu enzi ambazo Kilosa nzima kompyuta unazihesabu kwa vidole na vidole vinabaki. Baba yake ndiye aliyekuja kutoka Tukuyu kufanya kazi reli. Yeye reli hakuitaka, alipenda nyaya. Alizunguka mashamba ya mkonge, maofisi, hoteli za Mikumi, akiziunganisha mashine ziongee zenyewe kwa zenyewe. Na kila programu iliyopita mikononi mwake aliitunza. Wenzake kazi ikiisha wanatupa, yeye anatafuta kasha, anaandika namba, anaweka kwenye tranka. Pale mtaani kwake Mabwerebwere majirani walikuwa wanamtania kwamba ana mtaji wa sahani za kuolea mke wa pili.

Sasa, mwaka tisini na tisa kulikuwa na hoteli moja Mikumi yenye kompyuta tano: mapokezi, stoo, jikoni, ofisini na getini. Mtandao ukigoma, skrini nyeusi inaandika Kiingereza chake, mtu wa stoo anakodoa macho, anapiga simu Kilosa. Baba mkubwa anapanda gari, kilomita karibu themanini za vumbi, anafika anakuta waya umechomoka. Anauchomeka, anarudi. Wiki ijayo tena. Akachoka. Akazifungua zile faili zenye maneno ambayo programu inayaandika kwenye skrini, akaanza kuyabadilisha moja moja yawe Kiswahili. Miezi minane. Na si Kiswahili cha kamusi, ni chake mwenyewe. Waya ukitoka, skrini inaandika: WAYA UMECHOMOKA. URUDISHE MWENYEWE, USINIPIGIE SIMU.

Hiyo ndiyo ilikuwa sitini na moja. Aliichoma mwenyewe kwenye CD, akaiandika namba kwa wino mwekundu.

Halafu macho yake yakaingia mtoto wa jicho, yote mawili, mpaka ikafika mahali anamsalimia jirani kumbe ni gunia. Wiki mbili zilizopita alikwenda Morogoro kufanyiwa upasuaji. Asubuhi ya kuondoka alimshika Tumwagile mkono, akamsimulia habari hii yote mwanzo mpaka mwisho, kitu ambacho hajawahi kufanya.

"Tumwa," akasema, "daktari amesema nisisome kitu mpaka Alhamisi ile nitakayorudi. Na mimi nikiruhusiwa sitaki kuanza na gazeti. Nataka kitu cha kwanza kusoma kiwe maneno yangu yale. Utaweza kuyatoa kwenye hiyo kompyuta yako?"

"Naweza, baba. Kazi ndogo hiyo."

Kazi ndogo. Na Tumwagile, kwa jinsi alivyo, habari ikimwingia haitulii. Jioni ile ile akaiandika kwenye mtandao, kwenye kundi la watu wanaotunza programu za zamani. Akaandika kwamba Tanzania kuna mzee aliufundisha mtandao kuongea Kiswahili miaka ishirini na sita iliyopita, na yeye ataisambaza dunia nzima bure. Kulipokucha alikuta ujumbe mia tatu. Finland wameandika, Brazil wameandika. Alitembea siku nzima akitabasamu peke yake kama aliyeposwa.

Sasa kasha tupu.

Akainuka, akatoka uani. Mama mkubwa Marselina, mke wa huyo mzee, alikuwa kwenye kigoda anapepeta mchele.

"Mama mkubwa, shikamoo."

"Marahaba. Si umeshanisalimia asubuhi?"

"Zile CD za baba mkubwa ziko wapi?"

"Zipi?"

"Za kwenye tranka."

"Ah, zile." Akarusha ungo, akapuliza pumba. "Ziko kazini."

"Kazini wapi?"

"Shambani Mvumi. Mwaka huu kwelea kwelea hawana adabu, mwanangu. Mpunga umeanza tu kutoa masuke, wameshakuja na familia zao. Nikazitundika. Zikipigwa na jua zinamulika, ndege anadhani anapigwa picha."

Tumwagile alikwenda barabarani akasimamisha bodaboda mbili, moja yake, moja ya mama mkubwa, ambaye njia nzima alikuwa akipiga kelele kwa nyuma akiuliza kama jikoni wamezima moto.

Shamba lile unaliona kabla hujafika. Kamba za katani zimevutwa kutoka mti hadi mti, na kwenye kila kamba CD zinacheza, zinazunguka, zinamulika huku na huku mpaka macho yanauma. Kilikuwa kitu kizuri kukiangalia, na ndicho kilichomkera zaidi. Akaanza kuzisoma namba akiwa anatembea kwenye tuta. Kumi na nne. Themanini na tatu. Mia na mbili, hiyo nusu yake imeliwa na kitu, labda panya. Simu ikatetemeka mfukoni, akaitoa bila kufikiri. Ujumbe wa mzee mmoja wa Brazil, wa lile kundi. Anamshauri, kwa heshima zote, kwamba kama CD imechomwa kwa mkono na si ya kiwandani, aiweke gizani, kwa sababu jua huifuta ndani ya wiki chache.

Aliusoma amesimama katikati ya jua la saa sita.

"Mama mkubwa, ziko juani tangu lini?"

"Tangu baada ya Pasaka."

Sasa ilikuwa mwisho wa Mei.

Alizipitia kamba zote. Sitini na moja hakuiona. Alizihesabu zilizopo, zikawa sitini na mbili tu.

"Nyingine?"

"Nyingine nilimgawia Kulwa."

Kulwa ni yule mama wa shamba la jirani, wao walihamia na ng'ombe wao kutoka Meatu, siku hizi wanalima mpunga kuliko wenyeji. Alikuwa huko huko kwake anapiga debe kufukuza ndege. Aliposikia shida, akaliweka debe chini.

"Alinipa hamsini," akasema. "Mimi kumi nikampa shemeji yangu, yuko ng'ambo ya mto. Naye nasikia kawapa watu wa kanisani. Zinapendwa sana hizi."

Yaani ule mkusanyiko ulikuwa umeshasambazwa. Tumwagile kaahidi Finland na Brazil, kumbe Mvumi wameshagawana.

Sitini na moja ilikuwa kwenye kamba ya pili ya Kulwa, inazunguka taratibu kama haina neno na mtu. Tumwagile akaishika ikatulia. Namba nyekundu ilikuwa imefifia ikawa ya waridi, lakini inasomeka. Akaigeuza. Upande wa pili, pale panapotakiwa kung'aa, pamebanduka vipande vipande, na kwa katikati ilikuwa kioo tu. Akaiinua usoni. Alimwona Kulwa kupitia mle ndani, na nyuma ya Kulwa mpunga, na juu ya mpunga kwelea kwelea wawili wametua kwenye kamba ile ile ya CD, wanajikuna.

Hapo ndipo yalipomtoka, na yalimtoka kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwa mtu aliyemzidi umri.

"Mama mkubwa, nani alikwambia utoe vitu vya mtu kwenye tranka lake? Mtu haoni, ndiyo unamchukulia? Miezi minane ya baba mkubwa hii. Alhamisi anakuja kuisoma. Utamwambia nini?"

Kulwa akageukia upande mwingine, akajifanya anatafuta debe. Mama mkubwa taratibu akafungua fundo la khanga, akatoa simu.

"Nitafutie huku WhatsApp," akasema. "Mimi maandishi yake siyaoni vizuri. Ile ya kwako ya Pasaka, ya sauti."

Tumwagile akaipokea. Akapandisha juu, juu zaidi, mpaka Aprili. Ujumbe wa sauti, sekunde kumi na tisa. Akabonyeza.

Kwanza ni kicheko. Chake. Nyuma yake vicheko vya wasichana wenzake wa hosteli. Halafu sauti yake, imechangamka, imejaa chakula: "Mama mkubwa jamani, CD? Siku hizi hata laptop hazina pa kuziingizia. Hizo takataka tu, zitundike shambani zifukuze ndege, ndiyo kazi iliyobaki." Kicheko tena. Ikakatika.

Kulwa akaacha kutafuta debe.

"Niliuliza," mama mkubwa akasema. "Nilikuwa natafuta nafasi ya kuweka mbegu, nikasema ngoja nisiguse kabla sijauliza. Nikamuuliza mtu aliyesomea. Ulitaka nimuulize nani mwingine?"

Tumwagile alikuwa amesahau. Si kwamba alijisahaulisha, alikuwa amesahau kabisa, kwa sababu siku ile ilikuwa mzaha wa dakika moja katikati ya pilau. Yeye alicheka akaendelea kula, na huku Kilosa mtu mzima akachukua yale maneno, akanunua kamba ya katani.

"Mama mkubwa, naomba unisamehe."

"Tuzikusanye kwanza," mama mkubwa akasema. "Hilo la kusamehe lina muda wake."

Wakakusanya mpaka jua likalainika. Zile za kiwandani zilikuwa na mikwaruzo lakini zinang'aa bado, hizo zilipona. Zilizochomwa kwa mkono, kumi na saba, zote zilikuwa zimekuwa vioo. Kulwa akauliza sasa ndege afanyeje, mpunga unabeba. Wakakubaliana zile zilizokufa zibaki kwenye kamba yake. Katika hizo zilizokufa, sitini na moja tu ndiyo Tumwagile aliyoondoka nayo, hajui ya nini.

Nyumbani alizirudisha moja moja kwenye makasha. Alipomaliza ndipo mkono ukagusa lile daftari jekundu. Alikuwa amelidharau asubuhi, alidhani la hesabu za vikoba. Akalifungua angalau ajue kilichopotea ni kipi na kipi.

Ukurasa wa kwanza, mwandiko wa baba mkubwa, mkubwa na wa mraba: UKIAZIMA MOJA UNARUDISHA MBILI. YA KWANGU NA NAKALA YAKE. HAKUNA SABABU.

Kurasa zilizofuata ni safu. Namba, jina, tarehe, na mwisho alama mbili za vema kwa kila aliyerudisha mbili. Ndiyo maana makasha yalifika mia na kumi na mawili, mkusanyiko ulikuwa unazaa. Alishuka na kidole, vema mbili, vema mbili, vema mbili, miaka inapita, mpaka ukurasa wa kumi na moja. Namba 61, nakala ya pili. Fortunatus, stoo, Mikumi. Agosti 2004. Mbele yake hakuna vema hata moja.

Aliusoma mstari ule mara tano. Kulikuwa na namba ya simu, inaanza na 0744, namba za enzi zile. Akaipiga hivyo hivyo. Mtandao ukamwambia namba hiyo haipo.

Jumanne saa moja asubuhi alikuwa ameshakaa kwenye gari la Mikumi. Barabara ile, Ulaya, Zombo, alipita hakuona hata mti. Kichwani anapiga hesabu za kijinga: miaka ishirini na moja, hoteli huenda imebadilika mwenyewe mara tatu, mtu wa stoo, CD moja. Mara ajiambie anakwenda kupoteza nauli, mara ajiambie nyamaza.

Kumbe Mikumi Fortunatus wanamjua wote. Ana duka la ndoo na mabeseni kando ya barabara kuu, malori yanapita mpaka ndoo zinatetemeka. Mzee mfupi, kofia ya kufuma, anapanga vikombe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Beseni?"

"Hapana. Mimi ni mtoto wa Lupakisyo wa Kilosa. Yule fundi wa kompyuta."

Vikombe vikamtoka mkononi. Vya plastiki, havikuvunjika, viliruka ruka tu mpaka barabarani. Hakuviangalia.

"Amefariki?"

"Hapana, baba. Yupo. Anatibiwa macho Morogoro."

Mzee akavuta pumzi, halafu uso ukamkunjamana upya, vibaya zaidi.

"Basi amekutuma kudai."

"Hajui kama nimekuja."

"Nilijua tu kuna siku." Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Mwaka juzi nilimwona hapa stendi, anatembea na fimbo. Unajua nilifanya nini? Nilijificha nyuma ya lori la vitunguu. Mtu mzima mimi, nina wajukuu saba. Nusu saa nanusa vitunguu mpaka gari lake likaondoka. Kumbe haoni."

"Ulimkimbia kwa sababu ya CD?"

"Kwa sababu ya mbili. Ingekuwa moja ningeshampa zamani. Nilikwenda mpaka Morogoro kuchoma hiyo nakala, mashine ikawa mbovu. Nikasema mwezi ujao. Mara hoteli ikafungwa. Mwaka ukaisha. Sasa mtu amekuandikia hakuna sababu, na yule akiandika kitu anakisimamia, unamrudishiaje moja? Unamwangaliaje usoni?"

Tumwagile akauliza polepole sana, kama anaogopa kumshtua kuku atakayemkamata. "Na hiyo moja, baba. Iko wapi?"

Fortunatus akanyanyuka, akaingia ndani, akakaa huko mpaka Tumwagile akaanza kuzihesabu ndoo. Alirudi na kopo la maziwa ya unga, lile kubwa, mfuniko umezungushiwa gundi ya karatasi. Akalibandua. Ndani kitambaa cheusi cha sare ya zamani, ndani ya kitambaa kasha, ndani ya kasha namba nyekundu kali kabisa, utafikiri imeandikwa jana. Akaigeuza. Ilimrudishia Tumwagile uso wake mwenyewe, wote, hadi chunusi.

Akaikalia ile ndoo.

"Hujawahi kuitoa?"

"Naitoaje? Kila nikiliona kopo roho inaniuma. Nililiweka chini ya kitanda nisilione."

Na ndivyo ilivyopona, chini ya kitanda cha mtu mwenye aibu. Fortunatus akamkabidhi kwa mikono miwili, akamwomba amwambie mzee kwamba ya pili bado anaitafuta.

Jumatano Tumwagile aliazima kisomeo cha CD kwa mwalimu mmoja wa sekondari, akakichomeka kwenye laptop. Kilianza kunakili vizuri. Kilipofika asilimia tisini na nne kikagoma, kinakoroma tu. Alikaa mbele yake mikono kichwani dakika ishirini. Akaitoa, akaifuta kwa ile sare nyeusi ya Fortunatus, kutoka katikati kwenda nje, akairudisha. Tisini na tano. Tisini na sita. Ilipotimia mia alitoka nje, akasimama uani, akarudi ndani, bado ilikuwa mia. Ndipo akatengeneza ndani ya laptop kompyuta ya kizamani ya kuigiza, akaijaribu ikawaka, akaifunga haraka asimalize uhondo kabla ya mwenyewe. Na kabla bando halijaisha akaipandisha kule kwenye lile kundi, kama alivyoahidi.

Alhamisi baba mkubwa alishuka na treni ya umeme kutoka Morogoro, miwani myeusi, kanyooka. Wakampokea wote wawili. Njiani mama mkubwa alimvuta Tumwagile kando.

"Sikiliza. CD iliyopo ipo. Akiuliza nyingine, niliziharibu mimi. Mimi mke wake, atanuna siku mbili atakula. Wewe usiseme kitu."

Tumwagile akaitikia kwa kichwa. Na alikuwa amekusudia kweli kunyamaza. Lakini mzee alipokaa mezani, akavua miwani, yale macho mapya yakamwangalia, akasema, "Kumbe umefanana hivi na marehemu mama yangu, mimi nilikuwa nasikia sauti tu," basi kunyamaza kukamshinda. Akaisukuma laptop pembeni. Akachukua simu ya mama mkubwa, akaipandisha mpaka Aprili, akabonyeza.

Sekunde kumi na tisa zikapita zote, na kicheko chake.

"Walizitundika Mvumi, baba," akasema. "Ni mimi niliyesema. Kumi na saba zimekufa. Hata sitini na moja. Hii iliyopo nimeitoa kwa Fortunatus wa Mikumi."

Baba mkubwa alikuwa anaangalia mikono yake mezani, anaigeuza, kama anaikagua baada ya kuazimwa.

"Marselina," akasema mwisho, "ndege walikimbia?"

"Siku mbili tu," mama mkubwa akajibu. "Ya tatu walizizoea."

Mzee akatikisa kichwa. Tumwagile hakujua kama ni hasira au ni nini, mpaka alipoona mabega nayo yanatikisika.

"Takataka," akasema, akifuta pembe ya jicho kwa uangalifu maana daktari alimkataza kulisugua. "Hata mimi watu waliniambia hivyo miaka ishirini, lakini hakuna aliyecheka vizuri namna hiyo. Haya, nione."

Akaiwasha. Skrini ikawa nyeusi. Kistari kikakonyeza kidogo, halafu maandishi meupe yakajitokeza moja moja, na baba mkubwa akayasoma kwa sauti, taratibu, kidole hewani, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Karibu kazini. Wewe nani?"

Akainamisha mikono kwenye vitufe. L, akatafuta U, P, A. Akaliandika jina lake lote, akabonyeza. Mashine ikafikiri.

"Sikufahamu," akasoma. "Kamuulize Lupakisyo."

Hapo hata mama mkubwa aliinama mezani kwa kicheko. Mzee akaiandika tena, makusudi, ikamkataa tena, akaisoma tena, mara ya tatu, ya nne. Alicheka mpaka ikabidi avae miwani.

Alipotulia akauliza, "Na Fortunatus alirudisha mbili?"

"Moja, baba. Ndiyo maana amekuwa akijificha."

"Utaichoma hiyo ya pili umpelekee aniletee mwenyewe, aje na ndoo moja ya dukani kwake tunywe chai." Halafu akakumbuka. "Na wale wazungu wako? Wameiona?"

Tumwagile akatazama kwenye simu. Akatazama tena, akidhani kaona vibaya. "Tangu jana usiku wameichukua watu mia sita na arobaini."

"Wameazima."

"Wamechukua, baba. Ndivyo inavyokuwa mtandaoni."

"Lete daftari."

Akalileta. Baba mkubwa akafungua ukurasa wa kwanza, akamwonyesha kwa kidole ile sheria, kisha akamfungulia ukurasa mpya na kumpa kalamu nyekundu.

"Waandike. Mmoja mmoja. Kila mtu mbili."

Tumwagile akamwangalia kuona kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Akaanza: Namba 61, yule wa Brazil, Mei. Mama mkubwa akavuta kigoda karibu, akachungulia ule mstari.

"Watazileta lini?" akauliza. "Nina ekari moja bado haijatundikwa."